Miche ya pilipili mbuzi iliyokufa baada ya kuhamishwa: jibu kwa msomaji wa Minneapolis

Swali limetoka kwa dada mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Minneapolis nchini Marekani. Katikati ya Februari alisia mbegu 20 za pilipili mbuzi katika vikombe vya plastiki vya mililita 200, akavipanga kwenye kizingiti cha dirisha linaloelekea kusini. Mbegu 12 ziliota baada ya siku 18 hivi, na miche ikarefuka haraka, myembamba, ikiinamia kioo. Ilipofikisha majani manne aliihamishia kila mmoja katika ndoo ya lita 19 iliyotobolewa matundu matatu, yenye kokoto chini na udongo wa mfuko ulioandikwa kuwa ni wa bustani, akaziweka ndoo sakafuni karibu na mlango wa kioo wa roshani. Alimwagilia jagi la lita mbili kwa kila ndoo siku mbili mfululizo, na siku ya tatu, alipoona majani yamelegea, akaongeza maji pamoja na kijiko cha mbolea ya chengachenga. Katika wiki mbili miche saba imekufa. Aling'oa mmoja akakuta mizizi ya kahawia ambayo ganda lake lilivuka kama soksi; mashina yalikuwa bado magumu usawa wa udongo, na miche miwili ya mwisho ilikuwa na kingo za majani zilizokauka. Anauliza amekosea wapi katika kuhamisha, kama mitano iliyobaki inaweza kupona, na ni lini aitoe nje.

Dada yangu, pole sana kwa miche saba, na asante kwa kung'oa ule mmoja na kuutazama chini. Watu wengi wanaoniletea swali la namna hii hunieleza majani tu: yamelegea, yamepauka, yamejikunja. Wewe umeniletea mizizi, na mizizi ndiyo iliyonipa jibu. Ganda linalovuka kama soksi na kuacha kamba nyembamba katikati ni dalili ya mzizi uliooza kwa kukosa hewa, na mara nyingi kuoza huko humaliziwa na vimelea vya jamii ya Pythium, ambavyo hufanana na ukungu na hustawi katika udongo uliolowa na wenye ubaridi. Kwa maneno mengine, miche yako ilikufa kwa kiu huku imesimama ndani ya maji. Majani yalilegea kwa sababu hapakuwa na mzizi hai wa kuyavuta maji na kuyapandisha juu, na kila jagi uliloongeza kwa huruma liliziba nafasi ya hewa iliyokuwa imebaki.

Kwa hiyo mkono wako haukukosea katika tendo lenyewe la kuhamisha. Shida ilikuwa kwenye makazi mapya, na kwa kiasi fulani kwenye wiki zilizotangulia, ambazo ziliitoa miche ikiwa dhaifu.

Nianze na ndoo, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Kikombe cha mililita 200 ukilinganisha na ndoo ya lita 19 ni sawa na kumtoa mtoto kitandani mwake ukamlaza katikati ya uwanja wa mpira: udongo umeongezeka takriban mara mia, wakati mizizi ni ile ile ya kujaza kiganja. Mche wenye majani manne, ndani ya nyumba, hutumia vijiko vichache vya maji kwa siku. Lita mbili ulizomwaga hazikuwa na wa kuzinywa. Zilibaki kati ya chembe za udongo, siku baada ya siku, zikikalia nafasi ambazo oksijeni ilipaswa kupita. Mzizi hupumua kama tunavyopumua sisi. Unahitaji oksijeni ili upate nguvu za kuvuta maji na madini, na ukikosa hewa kwa siku chache ncha zake, pamoja na vile vinyweleo visivyoonekana vizuri kwa macho ambavyo ndivyo hasa vinavyonyonya, hufa kwanza. Kinachofuata ni kuoza.

Katika chungu kidogo hali huwa tofauti, kwa sababu mizizi huenea udongo wote ndani ya siku chache, na udongo ule hulowa asubuhi ukaanza kukauka kesho yake au keshokutwa. Kila unapokauka kidogo, hewa mpya huingia kufuata nafasi iliyoachwa na maji. Kulowa na kukauka huko, kwa mzunguko mfupi, ndiko kunakojenga mizizi mingi yenye matawi. Ndiyo maana wenye vitalu huhamisha kwa hatua: kutoka tundu la trei kwenda chungu cha sentimita 9 au 10, kutoka hapo kwenda cha lita tatu au nne, na mwisho kabisa ndoo. Najua inaonekana kama kazi ya kurudiarudia. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi kwenye vitalu vya miche pale Tengeru, nje kidogo ya Arusha, niliona ni upotevu wa muda, mpaka nilipopewa trei mbili nizihamishe kwa njia yangu na mzee wa kitalu azihamishe zake kwa njia yake. Sikubishana tena.

Kuhusu kokoto, naomba usijilaumu, kwa sababu karibu kila mtu alifundishwa hivyo nyumbani. Wazo ni kwamba kokoto zinapitisha maji, kwa hiyo udongo wa juu hautalowa kupita kiasi. Ukweli ni kinyume. Maji yanaposhuka katika udongo wenye chembe ndogo na kukutana na kokoto zenye nafasi kubwa, hayaruki kuingia humo mpaka udongo wa juu yake uwe umeshiba kabisa. Katika kila chungu kuna tabaka la chini linalobaki limeloa hata baada ya maji kuacha kutiririka, na unene wake hutegemea aina ya udongo, si kina cha chungu. Ukiweka kokoto, tabaka hilo haliondoki, ila linapanda juu na kukaribia mizizi. Unaweza kulithibitisha kwa sponji ya kuoshea vyombo: ilowe, ilaze bapa mpaka iache kuchuruza, kisha isimamishe wima, na utaona maji mengine yanatoka chini, kwa sababu kimo kimebadilika. Kinachosaidia ni udongo mwepesi kuanzia juu mpaka chini, na matundu ya kutosha, sita au manane yenye upana wa kidole kidogo, mengine yakiwa pembeni karibu na kitako ili yasizibwe na sakafu.

Udongo wenyewe nao ulichangia. Mifuko inayouzwa madukani huko ina majina yanayofanana, na ule ulioandikwa kuwa ni wa bustani hukusudiwa kuchanganywa na ardhi shambani, ambako una kina kisicho na mwisho cha kumwaga maji yake. Ukiufungia katika ndoo hushikana. Unaotakiwa ni mchanganyiko wa kupandia vyunguni, ambao sehemu kubwa huwa ni piti (mabaki ya mimea ya kinamasi) au kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi), pamoja na zile punje nyeupe nyepesi ziitwazo perlaiti. Ukiukamata mkononi ukiwa umeloa na kuufinya, unapaswa kushikana kidogo kisha ukavunjika unapougusa kwa kidole. Ukibaki donge kama la ugali, ongeza perlaiti mpaka ifike robo au theluthi ya mchanganyiko.

Halafu kuna baridi, na hili ndilo linalowapata watu wengi waliokulia pwani, kwa sababu kwetu Tanga hakuna anayefikiria joto la udongo. Pilipili mbuzi, ambayo wataalamu wa mimea huiita Capsicum chinense, asili yake ni nyanda za joto za bonde la Amazon. Jina hilo la kuihusisha na Uchina ni kosa la mtaalamu mmoja wa karne ya 18, Nikolaus Joseph von Jacquin, aliyedhani mmea umetoka huko. Ni mmea usiojua baridi. Mbegu zake huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na hata hapo zinaweza kuchukua wiki mbili au tatu, kwa hiyo siku zako 18 si mbaya. Mizizi yake nayo hupenda zaidi ya nyuzi 20. Udongo wa ndoo iliyokaa juu ya sakafu, karibu na mlango wa kioo, huku nje kuna theluji, unaweza kuwa na nyuzi 14 au 15 wakati hewa ya chumba, pale ulipo uso wako, ina 21. Wewe umevaa soksi, husikii. Nunua kipimajoto cha bei ndogo, kichomeke kwenye udongo usiku na alfajiri, na utaniamini. Nilipokaa Wageningen, Uholanzi, kwa vipindi viwili vya baridi, niliua trei nzima ya pilipili kwa namna hiyo hiyo, nikiwa nimekwisha kufanya kazi ya miche kwa miaka sita na kujiona fundi. Niliziinua zilizofuata juu ya rafu ya mbao, sentimita 60 tu kutoka sakafuni, na hazikusumbua tena.

Sasa nirudi nyuma kwenye dirisha. Mche unaorefuka na kuinama haujakua, umekimbia. Mmea mchanga ukikosa mwanga wa kutosha hutumia akiba yake kurefusha shingo ili utoke kwenye kivuli unachodhani umefunikwa nacho, na shingo hiyo huwa laini, yenye maji mengi na nyuzi chache, huku mizizi ikipunjwa. Macho yetu yanatudanganya sana katika jambo hili, kwa kuwa hujirekebisha, na chumba kinachotutosha kusomea gazeti kinaweza kuwa giza kwa pilipili. Hatua chache tu kutoka dirishani mwanga mara nyingi haufiki hata sehemu ya kumi ya ulioko nje. Isitoshe, katikati ya Februari siku ya Minneapolis ina takriban saa kumi na nusu za mchana, tena jua liko chini na mawingu ni mengi. Dirisha la kusini lilikuwa chaguo sahihi kuliko madirisha yote uliyonayo, lakini halikutosha.

Dawa yake haina gharama kubwa. Chukua taa mbili za mirija ya LED zenye urefu wa sentimita 120, zile za karakana, zenye mwanga mweupe kama wa mchana, uzining'inize kwa mnyororo sentimita 10 hadi 15 juu ya ncha za miche, na uzipandishe kadiri inavyokua. Ziwake saa 14 hadi 16 kwa siku, kwa swichi ya saa ili usitegemee kumbukumbu, kisha giza liwepo, kwa kuwa mmea nao unahitaji usiku wake. Ongeza feni ndogo inayopulizia polepole, kiasi cha majani kutikisika. Shina linalotikiswa hunenepa na kufupika, ndiyo maana miche ya nje, yenye upepo, huwa imara bila mtu kuifundisha. Feni hiyo pia hukausha uso wa udongo na kupunguza kinyausi, ule ugonjwa unaominya shina usawa wa udongo mpaka mche unalala chini kama uliokatwa kwa uzi. Kwa maelezo yako, miche yako haikufa kwa kinyausi, kwa sababu mashina yalibaki magumu usawa wa udongo na kifo kilianzia chini.

Tuje kwenye mitano iliyobaki, na hapa naomba ufanye leo, usingoje Jumapili.

Andaa vyungu vitano vya sentimita 9 au 10 vyenye matundu, vilivyooshwa kwa sabuni, na mchanganyiko mwepesi niliousema, uliolowanishwa kabla kwa maji ya uvuguvugu mpaka uwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Fanya kazi jioni au zima taa, ili majani yasiwe yanapoteza maji mengi wakati mizizi imevurugwa. Ingiza kijiko kirefu au bapa la mbao mbali kidogo na shina, inua donge zima, na unapoushika mche shika jani, usishike shina. Jani likichanika mmea utaota jingine, lakini shina moja likifinywa hakuna la akiba. Weka donge kwenye sinia na uache udongo mzito uanguke wenyewe, ukisaidia kwa kuutumbukiza mara moja katika bakuli la maji ya uvuguvugu ikibidi. Mizizi meupe au ya rangi ya krimu, hata kama ni michache, ni hai. Ile ya kahawia inayovuka ganda ikate kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Mche usiobaki na mzizi mweupe hata mmoja sitakudanganya kuwa utapona, ingawa nimewahi kushangazwa.

Panda kila mmoja kwa kina ambacho shingo yake ndefu inafukiwa mpaka chini kidogo ya yale majani mawili ya kwanza ya mbegu, na usizidishe hapo. Najua umesikia, au utasikia, kwamba mche uliorefuka ufukiwe hadi shingoni kabisa. Hiyo ni kanuni ya nyanya. Shina la nyanya hutoa mizizi mipya popote linapoguswa na udongo wenye unyevu, na ndiyo maana nyanya iliyokimbia husamehewa kwa urahisi. Pilipili ni ndugu yake lakini si karimu hivyo. Hutoa mizizi michache sana shinani, na ikifukiwa kwa kina katika udongo unaolowa huweza kuoza. Kama shingo bado inayumba, chomeka kijiti cha kuchomea mishikaki pembeni na uifunge kwa uzi laini kwa umbo la nane, ili uzi usikate shina.

Usiushindilie udongo kwa vidole. Gonga kitako cha chungu mezani mara mbili, kisha mwagilia kidogo, kuzunguka ukingo, maji yenye joto la chumba, ili udongo ujilaze wenyewe. Baada ya hapo viweke kwenye rafu, udongo ukiwa na nyuzi 22 hadi 25, na uzipandishe taa mpaka sentimita 30 kwa siku tatu za kwanza, kwa kuwa mmea wenye mizizi michache hauwezi kuhimili mwanga mkali unaoulazimisha kutoa maji. Siku hizo tatu majani yanaweza kulegea mchana na kuinuka usiku. Hilo ni la kawaida, na hapo ndipo mkono wako utakapowasha kutaka kumwagilia. Usimwagilie. Inua chungu kwanza. Kilichojaa maji utakijua kwa uzito wake, na kilichokauka kitakuwa chepesi kama mkate. Baada ya wiki moja mkono wako utakuwa umejifunza tofauti hiyo kuliko chombo chochote cha kupimia unyevu kinachouzwa, na mimi binafsi vyombo hivyo nimeviacha zamani.

Mbolea, iache kabisa kwa sasa. Kile kijiko ulichotia siku ya tatu kilikuwa chumvi juu ya kidonda: mbolea za viwandani ni chumvi za madini, na zikiwa nyingi katika maji ya udongo, mzizi hushindwa kuvuta maji, na wakati mwingine maji hutoka mzizini kurudi kwenye udongo. Kingo za majani zilizokauka na kuwa kahawia, kama ulivyozieleza kwa miche miwili ya mwisho, huenda zimetokana na hilo. Subiri mpaka uone jani jipya kabisa limefunguka, lenye rangi ya kijani kibichi, kwa sababu jani jipya ni ushahidi kwamba mizizi mipya ipo. Hapo anza na mbolea ya maji kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki, na uongeze hadi nusu mche ukifikisha majani nane hivi. Ukiona vijidudu vidogo vyeusi vinaruka juu ya udongo kama nzi wa ndizi, navyo vinakwambia jambo lile lile: udongo umelowa mno, na funza wao wanakula humo. Kaushia uso wa udongo na utundike karatasi ya manjano yenye gundi.

Baada ya wiki tatu au nne pindua chungu kimoja, ukishikilia uso wa udongo kati ya vidole viwili, na ukitoe taratibu. Mizizi meupe ikiwa imeonekana pande zote na donge limeshikana lakini halijawa kama kikapu kilichosukwa, ndiyo siku ya kuhamishia kwenye chungu cha lita tatu au nne. Ikiwa umechelewa na mizizi imezunguka chini kama kamba, ilegeze kwa vidole kidogo, la sivyo itaendelea kuzunguka hata ndani ya udongo mpya. Mwagilia mche saa chache kabla ya kuuhamisha, ili uende na akiba, na donge lishikane.

Ulizo lako la tatu, kuhusu kutoa nje, linahitaji subira kuliko ujuzi. Usitazame joto la mchana. Tazama la usiku. Pilipili mbuzi husimama kukua usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi, na chini ya nyuzi 10 huanza kuumia hata bila barafu. Kwa Minneapolis usiku wa uhakika huja mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na wiki moja ya jua mwezi Aprili isikushawishi. Halafu, usiitoe siku moja ikakaa huko. Jani lililokulia chini ya taa lina ngozi nyembamba, kama ya mtu aliyekaa ndani miezi sita, na jua la saa sita mchana hulibabua kwa saa moja tu, likabaki na mabaka meupe kama karatasi ambayo hayarudi kijani tena. Anza na saa moja kivulini, pasipo upepo mkali. Kesho saa mbili, keshokutwa jua la asubuhi, na kuendelea hivyo kwa siku saba hadi kumi, ukiingiza ndani kila jioni. Kitaluni tunaita kazi hii kuikomaza miche, na pale Tengeru tunaifanya kwa kuondoa kivuli kidogo kidogo na kupunguza maji wiki moja kabla ya miche kwenda shamba.

Baada ya kuikomaza, ndoo zako za lita 19 zitapata kazi yake. Mche wenye mizizi iliyojaza lita nne, unaokaa juani siku nzima wakati wa kiangazi, utakunywa lita moja au zaidi kwa siku, na ndoo iliyokuwa kaburi mwezi Aprili itakuwa makazi yanayoufaa mwezi Juni. Ongeza matundu, toa kokoto, badilisha udongo wote. Ule wa zamani umwage bustanini, usiutumie tena kwa pilipili wala nyanya.

Kuhusu saba waliokufa, nisingesia mbegu nyingine za pilipili mbuzi sasa kwa matumaini ya kuvuna nje mwaka huu. Tangu mche mkubwa kuhamishwa mpaka tunda kuiva ni takriban miezi mitatu hadi minne, na huko baridi kali hurudi mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba, kwa hiyo hata hii mitano itakuwa inakimbizana na kalenda. Ukitaka kuziba pengo, nunua miche iliyokwisha kukua kwenye maduka ya bustani mwezi Mei, ukigeuza kila chungu kutazama mizizi na nyuma ya majani kabla ya kulipa. Vidukari hupenda kusafiri kwa njia hiyo, na muuzaji hawezi kukuonyesha.

Lakini pilipili mbuzi si mmea wa msimu mmoja, na hili wewe wa Tanga unalijua bila kufundishwa, kwa kuwa mche ulio nyuma ya jiko la bibi huchumwa mwaka wa pili na wa tatu. Kwa hiyo usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 13 mwezi Septemba, ingiza ndoo ndani hata kama matunda ni mabichi, nayo yataendelea kuiva dirishani. Kabla ya kuingiza, uogeshe mmea: upulizie maji ya bomba juu na chini ya kila jani, kisha maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, uyaache dakika kumi na uyasuuze, urudie baada ya siku tano, kwa sababu vidukari wawili wanaoingia na ndoo mwezi Septemba huwa ukoo mzima kufikia Krismasi, humo ndani kusiko na mdudu wa kuwala. Ukishavuna, kata matawi yabaki urefu wa kiganja, punguza maji mpaka mara moja kwa wiki mbili, weka mahali penye nyuzi 15 hivi na mwanga kiasi, na usishtuke majani yote yakipukutika. Mwezi Februari, wakati wengine wanasia mbegu, wewe utakuwa unasogeza shina lenye unene wa kidole chini ya taa na kuliamsha kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu.